Santuri Iliyobanduliwa Jina

Bronx, 11 Februari 2023

Mjomba Lucius,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kusini na goti limetulia. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, ingawa anasema hakusalimu mpaka urudishe laini yako ya simu, maana mtu wa miaka sitini na mitano anayeikata kwa hasira ni mtoto mwenye mvi. Hospitalini wamempa zamu za mchana, kwa hiyo amerudi kwenye kwaya. Dada Tamika amejifungua mtoto wa kike, ratili nane, kichwa chote nywele. Lifti ya jengo imekufa tangu Krismasi. Tunapanda ghorofa sita kwa miguu, na mwenye nyumba anasema fundi yuko njiani, nadhani anakuja kwa miguu naye.

Sasa neno langu. Natoa albamu, ya kwanza yangu, nyimbo kumi na moja, na kampuni ndogo ya hapa hapa imekubali kuiingiza sokoni tarehe 15 Septemba. Sitaki midundo ya siku hizi ambayo ukifumba macho hutofautishi rapa huyu na yule. Nataka hip-hop ya zamani: ngoma zilizokatwa kutoka kwenye santuri, mikwaruzo ya mkono, mistari inayochekesha huku inauma. Kama mlivyofanya ninyi kwenye uwanja wa shule.

Kwa hiyo nilifungua makasha yako yaliyo chumbani kwa Mama. Usikasirike, yalikuwa yananitazama tangu nizaliwe. Santuri mia mbili na ushei, na kila moja imebanduliwa karatasi ya katikati, hakuna jina la wimbo wala la mwimbaji. Mama alicheka, akaniambia ma-DJ wote mlikuwa mnaziloweka bafuni, ili mwenzako akikuchungulia begani asijue unapiga nini.

Nyingi nimezitambua kwa kusikiliza. Moja imenishinda. Ina alama nyekundu ya rangi ya kucha ukingoni, na upande wa pili, wimbo wa tatu, waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake kwa sekunde nane. Mjomba, nilisimama jikoni na kijiko mkononi mpaka uji ukaungua. Nimeuandikia wimbo, na wimbo huo ndio moyo wa albamu. Lakini wakili wa kampuni anasema bila kujua santuri ni ya nani na kupata ruhusa ya mwenyewe, hautoki.

Nipe jina tu, mjomba wangu. Ni neno moja au mawili.

Mpwa wako,
Nyasia

Orangeburg, 20 Machi 2023

Mpwa wangu Nyasia,

Barua yako ilifika tarehe 18 Februari. Sikuchelewa kujibu. Nilikuwa nawaza.

Mimi sijambo. Goti linalia likiona mvua, lakini hata mimi nalia nikiliona goti. Nimechemsha ndoo mbili za karanga kwa ajili ya mazishi ya Shemasi Pinckney, aliyefariki akibishana juu ya mpira, na nadhani ndivyo alivyotaka. Mwambie Tamika hongera, na mtoto asivalishwe kofia ndani ya nyumba. Simu sirudishi. Waliokuwa wakinipigia ni watu wa bima ya mazishi na mama yako, na wote walikuwa wanauliza nitakufa lini.

Hongera ya albamu. Nasema kwa moyo, nimefurahi. Lakini nina maswali. Nani alikuambia ufungue makasha? Nani mwingine ameisikia hiyo ya alama nyekundu? Na anayekutengenezea midundo ni nani? Umeandika kurasa tatu, ukanipa mpaka uzito wa mtoto, halafu mtu unayekaa naye studio kila siku hukumtaja. Mimi ni mzee, sijawa mjinga. Usiyemtaja umemficha.

Wewe unaona jina la santuri ni neno moja au mawili. Kwetu lilikuwa ufunguo wa nyumba. Ulikuwa ukienda dukani kununua, unaangalia nyuma. Nilishawahi kununua santuri tatu za nyimbo za kanisa nisizozitaka, ili mtu aliyejificha nyuma ya rafu azinunue na yeye. Alizinunua. Jumamosi ile alipiga mapambio mbele ya watu mia tatu.

Kuhusu hilo jina, silikumbuki. Rudisha santuri kwenye kasha, tumia nyingine. Ziko mia mbili na ushei, umezihesabu mwenyewe.

Mjomba wako,
Lucius Gadsden

Bronx, 2 Aprili 2023

Mjomba,

Pole kwa msiba wa Shemasi. Mama anasema alikuwa mtu mzuri ila alikuwa anaimba vibaya. Mtoto amevuliwa kofia.

Unanishangaza. Unakumbuka tarehe iliyokufikia barua yangu, unakumbuka mapambio aliyopiga mtu mwaka wa sabini na ngapi, halafu santuri uliyoipaka rangi ya kucha ili uikamate haraka kuliko zote, hiyo ndiyo umesahau jina. Nimemuuliza Mama. Amesema rangi ilikuwa ya kwake, uliiiba, na zaidi ya hapo akaanza kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Umeuliza, najibu. Makasha nilifungua mwenyewe. Anayetengeneza midundo anaitwa Dashawn, kijana wa mtaani hapa, fundi kweli. Waliosikia ni mimi, yeye, na wazee wawili watatu wanaopita studio mchana kupumzisha miguu. Kuna mmoja anakaa kwenye kiti kilichopasuka, kazi yake kutuambia, "Rudieni zile ngoma za mvua." Basi. Sioni jeshi hapo.

Sasa na mimi nakuuliza, na uniwie radhi. Hiyo santuri ni yako kweli? Maana mwenye chake hulitaja jina lake bila kutetemeka. Nakuwekea mistari minne ya wimbo wenyewe ili uone umenifikisha wapi:

*Kabandua karatasi, akaizamisha bafuni,*
*ngoma ikabaki na jina lake kooni;*
*mwizi hufunga mlango, husahau dirisha,*
*na mimi ndiye mpwa niliyekuja kukumbusha.*

Nasubiri.

Nyasia

Bronx, 28 Mei 2023

Mjomba,

Wiki nane sijapata hata salamu. Sijui umekufa au umenuna. Mama anasema umenuna, maana ungekufa kanisa lingepiga simu.

Wakili ametoa tarehe: mwisho wa Julai. Jina lisipopatikana, wimbo unaondolewa. Kama ni yale maneno ya mwizi, nilikuwa natania. Karibu yote.

Nyasia

Orangeburg, 9 Juni 2023

Nyasia,

Sijafa.

Mistari yako si mibaya. Wa tatu una mdomo mchafu lakini umekaa vizuri kwenye mapigo.

Ngoma za mvua. Nilisoma maneno hayo matatu, nikaiweka barua chini, nikatoka nikapalilia mpaka jua likanishinda. Katika maisha yangu nimemsikia mtu mmoja tu akiziita ngoma zile hivyo, na mtu huyo ni Cleveland Braithwaite. Kwa hiyo anayekaa kwenye kiti kilichopasuka ni Cleveland. Na huyo Dashawn, "kijana wa mtaani hapa," ambaye ukoo wake umeumeza, ni Braithwaite, mjukuu wake. Bisha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua nguo yenyewe ni mtoto wa dada yangu.

Labda hukuambiwa, au uliambiwa ukajifanya huna masikio. Mimi na Cleve tulikulia jengo moja, tulilala kitanda kimoja mama yake alipokuwa kazini. Tulipoanza kupiga, yeye alikuwa na spika zake, mimi na zangu, na watu wakagawanyika. Mimi nilikuwa na ngoma zile. Nilikuwa na santuri mbili za namna moja, kama inavyotakiwa, hii ikiisha sekunde nane naachia ile, hii narudisha, ikawa ngoma haina mwisho. Kila Jumamosi aliacha spika zake akaja kusimama mbele ya zangu. "Lucius, nani huyo anayepiga?" Nikamcheka. Alizunguka maduka ya mji mzima, akamwimbia muuzaji kwa mdomo, hakuipata.

Agosti mwaka 1979 akachoka kuuliza. Alipanda jukwaani mbele ya watu wote, akaninyang'anya moja, akaipigiza kwenye saruji. Ikabaki moja. Kwa santuri moja hakuna DJ. Ndiyo maana mimi nakaa kwenye shamba la karanga na yeye amekaa studio kwako.

Mwambie hapati. Amemtuma mjukuu, na mjukuu amekutuma wewe. Uondoe huo wimbo.

Lucius

Bronx, 25 Juni 2023

Mjomba,

Mama hajambo. Mtoto hajambo. Lifti bado.

Ni kweli, nilikuficha. Dashawn ni mjukuu wa Cleveland Braithwaite. Nilimjua yeye kabla sijajua babu yake ni nani, na nilipojua, nikaogopa ukisikia ukoo huo utafunga mdomo. Umefunga hata hivyo, kwa hiyo uongo wangu haukunifaa kitu. Nakuomba radhi.

Lakini hakuna aliyenituma. Cleveland hakujua makasha yako bado yapo. Siku ya kwanza aliingia studio kumletea Dashawn chakula tukiwa tunapiga kile kipande. Aliweka mfuko sakafuni, akasimama. Tangu hapo anakuja kila siku saa nane.

Masikio yake yanakwisha, mjomba. Daktari amemwambia sauti nyembamba zimeshaondoka na nzito zitafuata. Mimi nikirap haelewi neno, anatabasamu tu kwa adabu. Ngoma bado anazipata, na zikipita anaweka kiganja juu ya spika. Jina hajaniuliza hata siku moja. Aliniuliza swali moja tu, kwamba, "Lucius bado anacheka vile vile?"

Jana nimemwambia wakili auondoe wimbo. Albamu ni nyimbo kumi. Mimi nimelia, kwa sababu kumi zile zimezunguka ile moja, sasa zimezunguka hewa. Umeshinda.

Ila kuna kitu hakiniingii akilini. Mtu akikuvunjia kitu chako mbele ya watu, wewe ndiye wa kusimulia, unatafuta hata wa kumsimulia. Wewe umenyamaza miaka arobaini na minne, ukahama mji. Hunyamaza hivyo mtu aliyekosewa? Mimi naona aliyenyamaza hivyo ndiye aliyekosa.

Nyasia

Orangeburg, 17 Julai 2023

Mpwa wangu,

Huku ni joto, hata mbwa wa jirani ameacha kubweka. Nimevuna pichi, nyingine nimewapa kanisa. Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili nimechoma.

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nimejaliwa miaka arobaini na zaidi, si haba.

Babake Cleve aliitwa Wendell Braithwaite, mtu wa Barbados, fundi wa kuchomelea mabomba. Jumapili alipiga ngoma katika bendi ya watu wa kwao, kwenye dansi za ukumbi wa chama chao. Cleve alikuwa anaona haya. Muziki wa wazee wenye mikanda juu ya kitovu, ndivyo alivyosema, na kwenye dansi zile hakukanyaga. Bendi ilijitengenezea santuri moja, nakala mia, wakauziana wao kwa wao. Mzee Wendell alimpa Cleve nakala yake. Cleve aliiacha ndani ya bahasha, hakuigusa.

Mzee alikufa mwaka 1975. Mama Ismay, mjane wake, alikuwa hawezi kuviona vitu vile. Akaniita mimi, akaniambia nibebe sanduku la santuri nilipeleke kanisani wagawe. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilipumzika kwenye ngazi, nikafungua. Nikatoa mbili za bendi ile.

Umeshaelewa, lakini acha nimalize. Karatasi ya katikati ilikuwa ya bluu, imeandikwa *Wendell Braithwaite na Wenzake*. Niliziloweka bafuni kwa sabuni ya vyombo. Santuri zangu nyingine nilizibandua ili nisiibiwe. Zile mbili nilizibandua kwa sababu niliiba. Vipande vya bluu viliziba bomba, mama yangu akanifokea nyumba nzima, na mama yako, mtoto wa miaka saba, alisimama mlangoni akaona. Ndiyo maana alianza kufua nguo safi.

Mwanzoni nilikusudia kumwambia. Nilitaka nimcheke kwanza mara mbili tatu: wewe uliyemwonea haya mzee wako, mtazame anavyokuchezesha. Lakini ilikuwa tamu mno, mpwa wangu. Mwenzangu aliyenishinda kwa sura, kwa spika na kwa wasichana, anasimama mbele yangu ananiomba. Nikasema nitamwambia Jumamosi ijayo. Nimesema hivyo Jumamosi nyingi.

Kisha akaivunja. Na mimi ndiye pekee katika uwanja ule niliyejua amevunja nini. Alikuwa anapumua kwa nguvu, anasubiri nimpige. Nilikusanya vipande. Ningemwambiaje pale? Na kesho yake ningemwambiaje? Nilijidanganya kwamba namhurumia. Ilikuwa ni aibu yangu tu, nimeivalisha koti la huruma.

Hilo ndilo jina ulilotaka. Mwenye kutoa ruhusa ni mrithi wake, yule anayeweka kiganja kwenye spika. Mwambie, usimfichie kitu, na usinipunguzie.

Mjomba wako

Bronx, 6 Agosti 2023

Mjomba,

Sina habari za nyumbani leo, nitaziandika nyingine.

Nilimsomea barua yako Jumatano. Nilisoma kwa sauti kubwa, na pale ambapo hakusikia Dashawn alimwandikia. Nilipofika kwenye jina la bendi alinyoosha mkono nisimame. Akaomba tupige kile kipande. Tukapiga. Akaweka viganja vyote viwili juu ya spika, akainamisha kichwa, na tulirudia mpaka mimi nikaacha kuhesabu.

Akasema, "Nilivunja moja." Nikasema ndiyo. "Kwenye saruji." Nikasema ndiyo, mzee. Akatoa leso akafuta spika, kana kwamba ndiyo iliyokuwa inalia. Kisha akaniuliza kama mzee wake alikuwa anapiga vizuri au ni yeye tu anaona hivyo, maana hamwamini mtu tena. Nikamwambia nimejenga albamu nzima juu ya sekunde nane zake.

Wakili ametuongezea muda mpaka tarehe 25. Karatasi ya ruhusa iko mezani, Cleveland hajatia sahihi. Ametoa sharti na amesema niliandike kama alivyolisema:

"Mwambie kwanza sijamsamehe. Hilo aanze nalo. Pili, aliyebandua jina alirudishe, kwa mkono wake, si wa mtoto. Nikiliona nitasaini. Nisipoliona, hizo ngoma zirudi kimya, mzee wangu ameshazoea."

Kwa hiyo nimekufungia santuri kwenye kifurushi hiki, katikati ya mbao mbili na sweta la Mama. Dashawn amekata karatasi tatu za bluu, za duara, zenye tundu. Gundi imo. Andika, bandika, irudishe kwa posta ya haraka. Tafadhali, mjomba. Safari hii usikae ukiwaza.

Nyasia

Orangeburg, 18 Agosti 2023

Mpwa wangu Nyasia,

Kifurushi kimefika salama. Sweta nimelivaa, mama yako Loretta asilidai.

Karatasi ya kwanza niliiharibu, kalamu iliteleza pale kwenye W. Ya pili niliandika vizuri, kisha nikaona nimeandika kwa kalamu inayofutika kwa maji. Nikaichana. Huyo aliyeandika hivyo bado ni yule wa bafuni. Ya tatu nimeiandika kwa wino wa kudumu: *Wendell Braithwaite na Wenzake.* Nimebandika, nimeiwekea Biblia juu siku nzima. Imeshika. Nimejaribu kuibandua kwa ukucha, imekataa.

Sijaitia posta. Posta siiamini, na usinicheke. Imefika kwangu mara moja kwa bahati, mara ya pili sibahatishi. Nimekata tiketi ya basi. Nitafika Alhamisi tarehe 24, saa nne asubuhi, na santuri itakuwa mapajani mwangu njia nzima. Sijakanyaga huko tangu mwaka 1983. Ngazi za ghorofa sita nitazipanda kidogo kidogo, nitafutie kiti cha ghorofa ya tatu. Saa nane nitakuwa studio.

Barua hii naituma kwa posta ya haraka, mwambie Cleve nakuja. Nilitaka usimwambie, nikaona nimeanza tena. Kama atafunga mlango ni haki yake, nitakaa kwenye ngazi, nimeshawahi kukaa kwenye ngazi na santuri ya babake.

Msamaha sijauomba, na usiniombee. Ombi langu ni dogo. Alisimama mbele ya spika zangu miaka miwili, akaniuliza, "Lucius, nani huyo anayepiga?" Mwambie aniulize tena, mara moja tu. Nitamjibu, na nitapaza sauti asikie.

Mjomba wako,
Lucius